Matuta, Mifugo na Majukwaa: Harakati za Wanavijiji na Wagombea wa Kisiasa katika Mgogoro wa Sheria za Hifadhi ya Ardhi, 1945–1995, kwa Mtazamo wa Buigiri, Dodoma

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya wanavijiji waliopinga sheria za hifadhi ya ardhi na wanasiasa walioomba ridhaa yao, kuanzia miaka ya mwisho ya ukoloni hadi kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi. Eneo la rejea ni Buigiri na maeneo jirani ya Ugogo, likilinganishwa na Uluguru, Usambara, Usukuma na Kondoa. Inadaiwa kwamba wanavijiji hawakupinga utunzaji wa ardhi kama utunzaji; walichodai ni kuwa na kauli katika kuamua gharama yake ibebwe na nani. Wagombea waliyapokea malalamiko hayo na kuyageuza kuwa swali la nani atawale, ilhali swali la sheria itungwe vipi liliachwa bila jibu. Kwa sababu hiyo, amri zilizopingwa chini ya serikali ya kikoloni zilirejea chini ya serikali iliyochaguliwa, na wapinzani wake wakawa hawana tena jukwaa la kuzipingia.

1.0 Utangulizi

Buigiri ni kata ya Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, iliyopo kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Katika maandishi ya historia jina lake hutajwa kwa sababu mbili: kituo cha wamisionari wa Kianglikana kilichofunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20, na shule ya wasioona iliyoanzishwa mwaka 1950. Ipo sababu ya tatu ambayo haijapewa uzito unaostahili. Buigiri imezungukwa na maeneo ambamo dola, ya kikoloni na ya kitaifa, ilijaribu kudhibiti matumizi ya ardhi ya nchi kavu ya katikati. Mashariki kuna Kongwa, palipofanyika mradi wa karanga. Upande huohuo, na karibu zaidi, kuna Bwawa la Ikowa lililojengwa mwaka 1957. Kusini kuna Mvumi, ambako mifugo iliondolewa kwa amri mwaka 1986. Mbali zaidi, upande wa kaskazini, kuna vilima vya Kondoa vilivyoondolewa mifugo mwaka 1979. Chamwino, kijiji cha ujamaa kilichopewa umuhimu wa pekee katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, ni jirani wa mlango kwa mlango.

Mazingira ya eneo hili yanafahamika. Mvua ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na wastani wake kwa mwaka ni takriban milimita 500 hadi 600. Mvua hiyo hunyesha kwa vishindo juu ya udongo uliokauka kwa miezi saba, hivyo maji huporomoka na kuchimba makorongo. Rapp na wenzake (1972) walipopima mabonde kadhaa karibu na Dodoma, likiwamo la Ikowa, walibaini kuwa mabwawa yalikuwa yakijaa tope kwa kasi ambayo ingeyafanya yasifae ndani ya miongo michache. Mmomonyoko, basi, haukuwa hadithi iliyotungwa na maofisa. Ulikuwepo, na wakazi waliuona kabla ya wataalamu kufika na vipimo vyao.

Kama tatizo lilionekana na wote, kwa nini sheria zilizokusudia kulitatua zilipingwa? Na kwa nini wanasiasa waliopanda jukwaani kwa kuungwa mkono na wapinzani hao walizirejesha baada ya kushika madaraka? Wanahistoria wamelijibu zaidi swali la kwanza. Cliffe (1972) na Iliffe (1979) walionesha kuwa kilimo cha kulazimishwa kilikuwa chanzo kikubwa cha nguvu ya chama cha Tanganyika African National Union (TANU) vijijini. Maguire (1969) alifanya hivyo kwa Usukuma, na Feierman (1990) kwa Usambara. Makala haya yanajikita katika swali la pili, na yanalitazama kutoka Ugogo, ambako hakukuwa na ghasia za kutajwa vitabuni na ambako, pengine kwa sababu hiyo, upinzani haukuhesabiwa kuwa upinzani.

2.0 Ardhi na Mamlaka katika Ugogo wa Kikoloni

Rigby (1969) anaeleza kuwa nchi ya Wagogo iligawanyika katika maeneo yaliyoitwa yisi, kila moja likiwa na mtemi aliyeshika mawe ya mvua na kubeba dhamana ya rutuba na usalama wa eneo lake. Mtemi wa namna hiyo hakuwa mtawala mwenye askari. Mamlaka yake yalikuwa juu ya nchi kuliko juu ya watu: mvua, kinga ya mazao na afya ya mifugo. Mtu asiyeridhika aliweza kuswaga ng'ombe wake na kuhamia yisi nyingine. Kuhama kulikuwa jibu la ukame, la ugomvi na la uongozi mbaya kwa pamoja.

Sheria ya Serikali za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyotungwa wakati wa Gavana Donald Cameron, iliubadili uhusiano huo. Ilimpa mtemi uwezo wa kutoa amri na kanuni zenye adhabu, zikiwamo za kilimo, uchomaji nyika na matumizi ya maji. Kwa maandishi, kanuni zilikuwa za mtemi. Kwa utendaji, nyingi ziliandaliwa katika ofisi ya mkuu wa wilaya au ya bwana shamba. Mtemi aliyekuwa akiiombea nchi mvua sasa alikuwa akiitoza faini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kanuni hizo ziliongezeka kwa idadi na kwa ukali. Serikali ilihitaji mazao ya kuuza nje, na wataalamu wake walikuwa na hofu ya jangwa. Katika vilima vya Kondoa, miaka ya 1940, kaya na mifugo zilihamishwa kutoka sehemu zilizoharibika. Kwingineko mkazo uliwekwa katika makinga maji mashambani na kupunguza idadi ya mifugo.

Kwa mkulima na mfugaji wa Ugogo, kupunguza ng'ombe halikuwa jambo la hesabu ya malisho pekee. Ng'ombe alikuwa maziwa ya watoto, samadi ya shamba la mtama, mahari na, zaidi ya yote, ghala la mwaka wa njaa. Kumbukumbu ya Mtunya, njaa kuu ya mwaka 1917 hadi 1920, ilikuwa bado hai. Maddox ameonesha kuwa njaa hiyo haikutokana na ukame pekee, bali pia na majeshi ya vita yaliyochukua mifugo, nafaka na wapagazi. Wazee walioishi miaka hiyo walikuwa wamejifunza kuwa serikali inapohesabu ng'ombe, nia yake haiko wazi. Mtu aliyeambiwa auze nusu ya mifugo yake kwa ajili ya nyasi za miaka ijayo alikuwa akiombwa atoe akiba yake leo kwa ahadi ya wale walioichukua jana.

Mfano wa Kongwa haukusaidia kujenga imani. Kuanzia mwaka 1947 matrekta yalifyeka nyika ya Kongwa kwa ajili ya karanga, kazi iliyoanza bila rekodi za kutosha za mvua wala ufahamu wa udongo unaogeuka mgumu kama saruji msimu wa kiangazi. Mradi uliachwa mwaka 1951, na serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya takriban pauni milioni 36. Katika miaka hiyohiyo ambapo mwanakijiji aliweza kutozwa faini kwa kulima bila makinga maji, dola ilikuwa ikiacha wazi maelfu ya ekari za ardhi iliyofyekwa kwa minyororo na matrekta. Hakuna aliyetozwa faini kwa Kongwa.

Upinzani wa Ugogo haukuwa wa mawe na mabango. Ulikuwa wa kuhamisha ng'ombe usiku kabla ya hesabu, kuwakabidhi kwa jamaa wa mbali kwa mujibu wa desturi ya kuwekeana mifugo, na kutofika kwenye kazi za lazima. Mbinu hizi ziliwalinda wenye mifugo, lakini zilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa wa kisiasa: hazikuzaa madai yaliyotamkwa. Ng'ombe aliyefichwa hawezi kutajwa mkutanoni. Pale ambapo kuhama hakukuwezekana, katika milima yenye watu wengi na ardhi finyu, upinzani ulilazimika kusema kwa sauti. Ili kuelewa kilichowafika watu wa Ugogo baadaye, inabidi kutazama kwanza huko milimani, kwa kuwa ndiko TANU ilikojifunza namna ya kuutumia upinzani huo, na namna ya kuuzuia.

3.0 Upinzani Uliotamkwa: Uluguru, Usambara na Usukuma

Katika milima ya Uluguru, mpango wa matumizi bora ya ardhi ulianza kutekelezwa mwaka 1950, ukiwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali. Matuta hayo yalidai nguvukazi kubwa, na katika sehemu nyingi yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufunika ule wa juu. Mkulima alichimba kwa jasho lake shamba litakalompa mavuno haba. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, ghasia zikatokea, na polisi wakampiga mtu mmoja risasi na kumuua. Mpango uliachwa muda mfupi baadaye. Serikali iliwalaumu wachochezi wa TANU, chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Katika Usambara, mpango uliofanana na huo ulianzia Mlalo mwaka 1946 na kuenezwa milimani kote. Feierman anaonesha kuwa Washambaa walilijadili suala hilo kwa dhana zao wenyewe: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala aliyewalazimisha wakulima kuchimba matuta huku njaa ikibisha hodi alikuwa akiiharibu nchi, hata kama aliuzuia udongo usiporomoke. Hata hivyo, wakulima waliotaka nchi iponywe na vijana wa TANU waliotaka utawala wa kura hawakuwa wakidai kitu kilekile. Wa kwanza walitaka uongozi unaowajibika kwa mvua na chakula. Wa pili walitaka dola. Walitembea njia moja kwa muda kwa sababu adui alikuwa mmoja.

Usukumani, mpango wa maendeleo ulioanza mwaka 1947 ulikuja na kanuni nyingi za kilimo na za mifugo. TANU ilinyimwa usajili huko kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, na hasira ya wanavijiji ikakua bila ofisi ya chama ya kuituliza. Mwaka 1958 maelfu ya watu wa Geita walipinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, wakaandamana hadi Mwanza na kutawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi. Maguire anaonesha kuwa chuki dhidi ya kanuni za ardhi na ng'ombe ilikuwa sehemu ya kuni za moto huo.

Makao makuu ya TANU yaliutazama upinzani huu kwa macho mawili. Kwa upande mmoja, ulikuwa ushahidi kwamba watu wameuchoka ukoloni. Kwa upande mwingine, chama kilichotaka kukabidhiwa serikali kwa amani hakikuweza kuonekana kuwa chama cha wavunja sheria. Agosti 1958, Julius Nyerere alitiwa hatiani kwa kuwakashifu wakuu wawili wa wilaya kupitia makala katika Sauti ya TANU. Alipewa uchaguzi wa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, akalipa faini. Mwezi uliofuata alikuwa mgombea.

4.0 Waliopinga na Waliopiga Kura, 1958–1960

Uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 wa Baraza la Kutunga Sheria unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndipo harakati za wanavijiji na ugombea zilipokutana kwa mara ya kwanza. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Tena alilazimika kumpigia kura Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Waliojiandikisha hawakufika 60,000 katika nchi yenye watu wanaokaribia milioni tisa. Wachimba matuta wa Matombo, wengi wao wasiokuwa na kipato hicho wala elimu hiyo, hawakuwemo.

Nyerere mwenyewe aligombea Jimbo la Mashariki, ambamo Uluguru ilikuwa sehemu yake. Mpinzani wake alikuwa Patrick Kunambi, mmoja wa waasisi wa TANU wa mwaka 1954, ambaye pia alikuwa na cheo katika utawala wa wenyeji wa Uluguru na aliyesimama kama mgombea binafsi. Nyerere alipata kura zaidi ya 2,600 na Kunambi takriban 800. Ushindi huu umezoeleka kusomwa kama ushindi wa utaifa dhidi ya utawala wa kimila. Ukisomwa kwa upande wa ardhi, maana nyingine inajitokeza. Miaka mitatu baada ya Matombo, jimbo hilo liliamuliwa na kura zisizofika 4,000, nyingi zikiwa za makarani, walimu na wafanyabiashara. Mgombea hakulazimika kueleza sheria ya matuta itachukuliwa na sheria gani. Ilitosha kwamba ilikuwa imeondoka.

Masharti yalilegezwa katika uchaguzi wa mwaka 1960, na walioandikishwa wakazidi 880,000. Lakini wagombea 58 wa TANU kati ya viti 71 walipita bila kupingwa, hivyo wengi wa walioandikishwa hawakuingia kituoni. Kiti kimoja tu TANU ilikikosa, cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama kama mgombea binafsi, alimshinda Chifu Amri Dodo, mgombea rasmi wa chama. Mbulu ilikuwa wilaya ambamo upunguzaji wa mifugo kwa amri ulikuwa umesukumwa kwa nguvu, na watawala wa kimila walihusishwa na amri za namna hiyo. Haifai kudai kuwa ng'ombe peke yao waliamua matokeo hayo. Inatosha kusema kuwa palipokuwa na nafasi ya kweli ya kuchagua, wapiga kura waliweza kumtofautisha mgombea waliyepelekewa na makao makuu na yule waliyemtaka wao.

5.0 Jembe na Nyumba: Kampeni bila Mjadala wa Sera

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na utawala wa machifu ukaondolewa mwaka 1963. Uwezo wa kutunga kanuni za kilimo na mifugo haukuondolewa. Ulihamia kwenye halmashauri za wilaya. Mtu wa Buigiri aliyekuwa akipokea amri kwa jina la mtemi sasa alizipokea kwa jina la halmashauri, na muda si mrefu kwa jina la chama. Baadhi ya halmashauri zilirejea kwenye kanuni za kiwango cha chini cha ekari, na kampeni ya kilimo cha kufa na kupona ya mwaka 1974 ilizieneza zaidi. Viongozi waliokuwa wamewaambia watu kwamba amri hizo ni uonevu walilazimika kuwaambia kwamba sasa ni wajibu wa kujenga taifa. Kwa maoni yao hapakuwa na kigeugeu, kwa kuwa aliyetoa amri alikuwa amebadilika.

Uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza wa wabunge kwa haki ya kura kwa watu wazima wote, uliweka utaratibu ambao ungedumu kwa karibu miaka 30. Katika kila jimbo chama kiliteua wagombea wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Walipanda jukwaa moja, katika mikutano iliyoandaliwa na chama, wakahutubia kwa Kiswahili, na hawakuruhusiwa kupinga sera ya chama wala kutumia ukabila, rangi au dini. Utaratibu huu uliwapa wananchi silaha halisi. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyepata umaarufu kwa kuwaongoza wakulima wa pamba wa Usukuma, alipoteza kiti chake Mwanza. Wachambuzi walioandika katika kitabu kilichohaririwa na Cliffe (1967) waliona kuwa wapiga kura waliwahukumu wagombea kwa namna walivyowahudumia watu wa jimboni.

Silaha hiyo, hata hivyo, ilikata upande mmoja tu. Mwanakijiji aliweza kumwondoa mbunge, lakini hakuweza kumchagua mbunge kwa sababu ya msimamo wake juu ya sheria ndogo ya mifugo, kwani wagombea wote wawili walikuwa na msimamo mmoja. Mgogoro wa ardhi ulirudi mahali ulipokuwa katika Ugogo wa miaka ya 1940: kwenye kuhama, kuficha na kutotii kimyakimya.

Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, iliyofuata miaka ya ukame na njaa, inaonesha hali hiyo. Nyerere alikwenda Chamwino na kushiriki kazi za mikono pamoja na wanakijiji. Kitendo hicho kilikuwa na uzito wa kimaadili ambao ofisa wa kikoloni hakuwahi kuwa nao. Lakini uamuzi wa kuwakusanya watu katika vijiji vikubwa ulifanywa juu yao. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja ikiwa na malisho na mashamba yake, ziliwekwa pamoja; Kikula (1997) ameonesha namna mashamba na mapori yaliyozunguka vijiji vya namna hiyo yalivyochakaa. Sera moja ya dola ilizidisha uharibifu ambao sera nyingine ya dola ingekuja kuuzuia.

6.0 HADO: Hifadhi Iliyofanikiwa na Swali Lililobaki

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, ulianza mwaka 1973 kwa ufadhili wa Sweden. Miaka ya mwanzo ulitumia mitambo kuchimba makinga maji na kupanda miti. Matokeo yalikuwa hafifu, na mwaka 1979 uamuzi ulifikiwa wa kuondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika la Kondoa, lenye kilometa za mraba 1,256. Makadirio ya mifugo iliyoondolewa ni kati ya 85,000 na 90,000. Mwaka 1986 amri kama hiyo ilitekelezwa Mvumi, ndani ya Ugogo wenyewe, katika nchi iliyokuwa makao ya Mtemi Mazengo na isiyokuwa mbali na Buigiri.

Mafanikio ya Kondoa hayawezi kukanwa. Nyasi na vichaka vilirudi, makorongo mengi yakatulia, na Östberg (1986) alieleza mabadiliko ya mandhari ambayo wachache waliyatarajia. Mtafiti anayeandika kuhusu haki za wafugaji bila kutaja jambo hili huwa ameacha nusu ya ushahidi nje.

Nusu ya pili ni mgawanyo wa gharama. Ng'ombe hawakutoweka. Waliswagwa kwa jamaa na marafiki nje ya mpaka wa mradi, na hivyo mzigo wa malisho ukahamia kwa majirani ambao hawakuulizwa. Kaya zilizobaki zilikosa maziwa na samadi. Mwenye ng'ombe wengi aliweza kuwatawanya na kuendelea kuwamiliki. Mwenye watatu aliwauza. Ufugaji wa ndani wa ng'ombe wa maziwa uliporuhusiwa Kondoa mwishoni mwa miaka ya 1980, ulihitaji mtaji wa banda, majani na mnyama wa bei. Walioumia zaidi na amri ya kwanza ndio waliokuwa na uwezo mdogo zaidi wa kunufaika na nafuu ya pili.

Tarehe zenyewe zina maana. Amri ya Kondoa ilitoka mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka 1980. Ile ya Mvumi mwaka mmoja baada ya ule wa mwaka 1985. Katika mfumo ambamo wagombea wote walipitishwa na chama kilekile kilichobariki amri, kalenda ya uchaguzi haikuwa kizuizi wala kichocheo. Hili ndilo lililoiwezesha HADO kufanya kile ambacho serikali ya kikoloni haikukimudu Uluguru. Ndilo pia lililoinyima njia ya kusikia. Mwaka 1955 wakulima wa Matombo walipata chama cha kuwasemea. Mwaka 1979 na 1986 chama hichohicho, sasa kikiwa Chama cha Mapinduzi, ndicho kilichokuwa kikitoa amri.

7.0 Vyama Vingi na Kurudi kwa Ahadi

Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa mwaka 1992 na uchaguzi mkuu wa kwanza chini yake ukafanyika Oktoba 1995. Ufadhili wa Sweden kwa HADO ulikoma katika kipindi hichohicho, na usimamizi wa maeneo yaliyofungwa ukalegea. Mifugo ilianza kurudi polepole bila amri yoyote ya kuirudisha. Kuanzia hapo diwani na mbunge walikuwa na sababu mpya ya kunyamaza: kura za wenye ng'ombe zingeweza kwenda kwingine. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zilikuwa zimerudisha halmashauri na uwezo wa kutunga sheria ndogo hadi ngazi ya kijiji, hivyo wale waliohitaji kura ndio walewale waliotakiwa kutoza faini.

Kwa mtazamo wa juujuu, ukimya huo ni ushindi wa wanavijiji. Lakini sheria isiyotekelezwa haijafutwa. Hubaki kitabuni ikingoja msimu wake, na mara nyingi msimu huo ni baada ya kura kuhesabiwa. Uchaguzi mkuu wa Desemba 2005 ulifuatiwa mwaka 2006 na operesheni ya kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu kwa hoja ya kuokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu. Mfano huo upo nje ya kipindi cha makala haya, ila unaonesha kuwa pengo kati ya kinachosemwa jukwaani na kinachotekelezwa na mamlaka halikuzibwa na wingi wa vyama.

8.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonesha mambo matatu. Kwanza, upinzani dhidi ya sheria za hifadhi ulikuwa na hoja ya kimazingira ndani yake. Mkulima wa Uluguru aliyekataa kufukia udongo wa juu na mfugaji wa Ugogo aliyetaka kuhama kufuata malisho walikuwa wakitetea maarifa, na wakati mwingine maarifa hayo yalikuwa sahihi kuliko ya ofisi. Pili, wagombea wa miaka ya 1950 hawakuwadanganya wanavijiji kwa maana nyepesi ya neno. Waliamini kuwa tatizo la amri ni mtoa amri, na kwamba akiondoka, amri itageuka kuwa mapatano. Imani hiyo ndiyo iliyowafanya wasijenge taasisi ya kupatana. Tatu, aina ya upinzani iliamua hatima yake. Waliopinga kwa sauti walipata wa kuwasemea, wakapoteza umiliki wa hoja yao. Waliopinga kwa kuhama, kama watu wa Ugogo, waliendelea kuwa na hoja yao, lakini hawakupata wa kuifikisha.

Kwa Buigiri, somo hili si la kale pekee. Serikali ilipohamia Dodoma kwa vitendo kuanzia mwaka 2016, mahitaji ya ardhi, maji, mchanga na kuni katika Wilaya ya Chamwino yaliongezeka, na yanahitaji kudhibitiwa kwa sheria. Tope la Ikowa linathibitisha kuwa kutodhibiti si chaguo. Kinachohitaji kuchunguzwa zaidi, hasa katika kumbukumbu za mikutano mikuu ya vijiji na za mabaraza ya madiwani, ni namna sheria ndogo inavyofika mezani: nani huileta, nani huulizwa kabla haijapitishwa, na nani hulipa inapoanza kutumika. Mgombea anayeulizwa maswali hayo matatu kabla ya kura hupata ugumu wa kuyakwepa baada yake.